Mrejesho: Nairobi Gallery tulienda, na nyanya ndiye aliyefaidi

Wiki jana niliuliza niwapeleke wapi watoto wawili na mama mkwe mwenye magoti mabovu, mahali pasipo na kuzunguka siku nzima. Mlionielekeza Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, asanteni sana.

Ni jengo dogo la mawe, la mwaka 1913. Saa moja unusu ilitutosha. Humo mna makusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, nguo, mapambo, hata stempu. Kijana wangu aliganda kwenye stempu, akauliza mbona watu walilipia kutuma ujumbe. Kumweleza barua ni nini, kazi!

Lakini nyanya yao! Zamani hapo palikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Alisimama mlangoni akasema, "Kumbe ni hapa babu yenu alinileta tukatia sahihi." Tukampiga picha papo hapo. Vinyago hakuvijali sana.

Kosa langu ni kwenda na gari. Kutafuta pa kuegesha kulinitoa jasho. Siku nyingine ni teksi hadi mlangoni.