MREJESHO: Kipindi cha michezo, wanafunzi 84, mpira mmoja

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: darasa la tano hapa Mbagala, wanafunzi 84, mpira mmoja, dakika 40, na wasichana wengi wanakaa tu chini ya mwarobaini. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata wazo la vituo vinne: rede, kuruka kamba, kupokezana vijiti, chandimu. Kila dakika 7 napuliza filimbi, makundi yanahama. Mipira tumefunga wenyewe kwa matambara, soksi kuukuu na kamba. Juzi binti mmoja ambaye hakuwa anagusa mpira alivua viatu, akaniambia, "Mwalimu, rede tena!" Nilifurahi mno.

Kuhamishia kipindi asubuhi kumeshindikana, ratiba imebana. Bado ni saa sita juani, nimesogeza kamba kivulini. Vijiti navyo bado vurugu.