Wakufunzi wa R, acheni kuita rangi na fonti "mapambo"! Watu wanarudishiwa tasnifu

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki. Watu wanalipa ada za mafunzo ya R, programu ya takwimu, siku zote zinaishia kwenye rigresheni, na ikifika zamu ya grafu mkufunzi anafunga laptop: "Hayo mapambo mtajifunza wenyewe." Mapambo? Grafu ndiyo mtahini anayoikimbilia kwanza, na bosi wengi hawasomi kingine.

Chukueni hili, linamkuta karibu kila anayeanza ggplot2, pakeji ya R ya kuchora grafu. Anataka mstari wa buluu, anaandika aes(colour = "blue"). Mstari unatoka mwekundu uliopauka, na pembeni panazuka ufunguo wa grafu wenye neno "blue". Programu haitoi onyo lolote. Kumbe ndani ya aes(), mahali pa kuunganisha data na mwonekano wa grafu, neno hilo linahesabiwa kuwa jina la kundi la data, na kundi la kwanza hupewa rangi ya kwanza ya programu, yaani huo wekundu uliopauka, msimbo wake #F8766D. Itoe colour nje ya aes(), buluu inakuja. Maelezo ya dakika moja! Lakini nimeona slaidi za mafunzo ya kulipia zinaruka hapo, na wala hazisemi kwamba kwenye grafu ya nguzo colour ni ukingo tu, fill ndiyo inayojaza ndani.

Halafu hizo rangi za kuanzia zenyewe. Kwenye skrini zinavutia: nyekundu, kijani, buluu. Ila zimepangwa ziwe na mwangaza unaolingana. Peleka sasa kazi steshenari ya jirani na chuo, utoe kopi nyeusi na nyeupe kama tunavyofanya wote kuokoa hela: makundi matatu yanageuka kijivu kimoja. Mtahini atajuaje mstari upi ni Dodoma na upi ni Kigoma? Na kuna watu ambao nyekundu na kijani haviachani machoni mwao hata kwenye skrini. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni kama 8 katika kila 100. Dawa ipo, tena bure. Kuna scale_colour_viridis_d(), ambayo rangi zake zinatoka gizani kwenda kwenye mwanga, kwa hiyo hata kopi inazitenganisha. Kuna rangi za Okabe-Ito, zilizochaguliwa ili hata watu hao wazitofautishe, zimo ndani ya R yenyewe tangu toleo 4.0.0 la mwaka 2020. Na kuna linetype: kundi hili mstari mzima, lile vipande, lile nukta, hata printa ikiishiwa rangi grafu inasomeka.

Vipimo ndivyo vinanitoa povu zaidi. Ukiandika size = 11 kwenye element_text (maandishi ya vichwa na mihimili), unapata herufi za pointi 11. Andika size = 11 ileile kwenye geom_text (maandishi ya ndani ya grafu), unapata mijiherufi ya pointi 31 imefunika data, kwa sababu huko kipimo ni milimita. Unene wa mstari nao, ukiweka 1, si pointi wala milimita kamili, ni kama milimita 0.75. Hapa lawama ni za waliotengeneza pakeji, siwatetei. Mwaka 2024 toleo 3.5.0 la ggplot2 lilileta size.unit = "pt" ya kunusuru hali; ni mkufunzi gani amewaambia? Na tangu Novemba 2022, toleo 3.4.0, unene wa mstari unaandikwa linewidth, si size. Slaidi bado zina size, kila skrini darasani inatoa onyo, jibu ni "lipuuzeni".

Fonti sasa. Chuo kinataka Times New Roman. Mwanafunzi anaiandika kama ilivyo, Windows inamjibu "font family not found in Windows font database". Anabahatika kwenye skrini, akihifadhi PDF anakutana na "invalid font type". Orodha ya fonti ya skrini si ile ya PDF, na hilo hajaambiwa. Kwenye ggsave(), amri ya kuhifadhi grafu, aweke device = cairo_pdf, mara nyingi yanaisha. Na aandike width na height mwenyewe, maana akiziacha, grafu inachukua ukubwa wa dirisha lililokuwa wazi wakati huo, leo herufi kubwa, kesho ndogo. Halafu anaivuta kwa kipanya ndani ya Word, msimamizi anamwandikia kwa wino mwekundu "fonti hazilingani".

Wakufunzi mliomo humu, najua mnasoma. Ongezeni nusu siku ya rangi, mistari na fonti, na badilisheni size kuwa linewidth kwenye slaidi zenu kabla ya kupokea ada nyingine. Mwenye skripti yake ya theme (mipangilio ya mwonekano wa grafu) inayotoka vizuri kwenye kopi nyeusi na nyeupe aiweke hapa chini, pamoja na namba ya toleo anayotumia.