Gata zenu zimewafanyia nini? Tupeane uzoefu

Mama Vifaranga (Bahati): Jamani, jana usiku mvua imeninyeshea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Asubuhi nimepanda ngazi kuangalia. Gata za mabati, hii mifereji ya maji ukingoni mwa paa, zimeshika kutu kwenye viungo, maji yanarudi nyuma yanalowesha ule ubao wa mbele wa paa. Nimebonyeza ubao kwa kidole, kikaingia hadi kifundo cha pili kama ninamega ugali. Nataka kubadilisha zote: nyumba, jikoni nje na banda la kuku. Kabla sijaita fundi, semeni yaliyowakuta.

Kiatu Kimoja (Njoro): Hicho kidole nakijua. Kwangu kiliingia chote.

Mzee wa Riveti (Kibuye, Kisumu): Mama, anza na ubao, gata baadaye. Misumari itashika nini hapo? Na fundi akija, muulize anapimaje mteremko. Akisema "kwa macho", mpe chai aende. Afunge uzi, atumie mpira wenye maji kupimia usawa, gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 kuelekea paipu. Ikituama, umefuga mbu, na Kisumu hapa malaria haihitaji kusaidiwa.

Baba Twins: Weka plastiki usahau kutu.

Nyamasaria Finest: Plastiki? Yangu ilichomoka kwenye kiungo saa nane mchana, jua kali, hakuna hata wingu. Ikatua juu ya gari la mgeni. Usidanganye mama wa watu.

Baba Twins: Ulibana viungo vyote kwa gundi bila kuacha nafasi, siyo? Kipande cha mita 4 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi kinarefuka karibu milimita 5. Kiende wapi? Na vishikio uliweka vingapi? Kila nusu mita, si kila mahali fundi alipokumbuka.

Nyamasaria Finest: Kumbe tuna profesa.

Bin Pwani: Samahani, "gata" ndiyo nini? Kwetu Mombasa ni mlizamu.

Kiatu Kimoja: Na mlizamu wenu hauvuji?

Bin Pwani: Huvuja. Lakini kwa Kiswahili sanifu.

Mwalimu wa Shinyalu: Mimi nilikuwa napita tu, lakini mazungumzo haya yamenikumbusha usiku ambao sijausimulia vizuri hata nyumbani. Paa langu ni mita 12 kwa 8. Miaka yote gata zilikuwa mbovu, nusu ya maji inamwagika kwenye maua. Tangi la lita 5,000 lilikaa juu ya stendi ya miti na halikuwahi kuvuka nusu. Nikapata pesa kidogo, nikaweka gata mpya pana pande zote mbili. Safi kabisa, hata jirani alikuja kuzipiga picha.

Mnajua mvua ya Kakamega. Milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1, na usiku ule ilinyesha kama imelipwa. Nikalala nikisikia maji yanaingia tangini, nimefurahi kama mtoto. Sikupiga hesabu kwamba tangi likijaa ni tani 5 zimesimama juu ya miti ambayo haijawahi kubeba hata 3. Kitu cha saa tisa, nikasikia kwanza mti mmoja ukilia, taratibu, kama mlango. Halafu kimya. Halafu mshindo ambao ng'ombe walikata kamba.

Tangi liliangukia choo. Choo kikalala chini, mabati na milango yote. Shemeji yangu, aliyekuja kutuona kwa mara ya kwanza, alikuwa ametoka humo dakika mbili nyuma. Nilimkuta amesimama kwenye migomba, tochi mkononi, hasemi.

Kiatu Kimoja: WOI.

Mama Vifaranga: Shemeji alisema nini alipopata sauti??

Baba Twins: Tochi ilikuwa inawaka? Nauliza kwa ajili ya utafiti.

Mzee wa Riveti: Mnacheka, lakini mwalimu amesema jambo. Ukiboresha gata, angalia stendi. Mimi hujenga ya mawe, tena chini.

Dada Free Area: Turudi kwa maji. Sisi Nakuru hatukingi mvua kwa mapambo. Visima vingi huku vina madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana meno ya watoto yanakuwa ya kahawia. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, kuna vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndiyo ukinge ya kunywa.

Kiatu Kimoja: Yangu ni ya kahawia na nimeoa.

Dada Free Area: Aliona meno kabla au baada ya mahari?

Nyamasaria Finest: Mimi nakinga hata ya kwanza. Kuku hawajalalamika.

Mama Vifaranga: Fundi amefika. Nimemuuliza anapimaje mteremko, ametoa mpira kwenye mkoba, nimemruhusu apande. Tunaanzia banda la kuku, akiharibu aharibie huko. Mwalimu, shemeji alirudi kwenu?

Mwalimu wa Shinyalu: Krismasi. Choo alienda cha jirani.