Mrejesho: Mwanafunzi mwenzangu, binti wa wahamiaji kutoka Meksiko
Niliomba ushauri kuhusu mwanafunzi mwenzangu hapa Los Angeles, binti wa wahamiaji kutoka Meksiko na wa kwanza kwao kusoma chuo kikuu, ambaye jamaa zake walimwona amekuwa Mmarekani mno huku wanachuo wenzake wakimwona mgeni. Nawashukuru mliopendekeza asome historia ya Wachicano (Wamarekani wenye asili ya Meksiko), fani ambayo mwongozo wake uliandaliwa katika mkutano wa Santa Barbara mwaka 1969, kwa kuwa darasani humo amekutana na wenzake ambao, kama yeye, wamekuwa wakiwajazia wazazi fomu na kuwatafsiria hospitalini tangu utotoni. Mama yake, aliyepinga binti yake kuhamia bwenini, sasa ameridhia kwa sharti kwamba aende nyumbani kila Jumapili, sharti ambalo mimi naliona la haki kabisa. Baba yake bado hajaridhika.