Ushauri: Nataka kumpeleka mama na familia Unguja kutoka Dodoma. Mwezi gani hali ya hewa inafaa kukaa ufukweni?

MwanaMakulu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka makao makuu ya nchi.

Naomba msaada wa wanaoijua Zanzibar kwa kuishi au kufika mara kwa mara. Nataka kukaa na familia wiki moja Unguja: mimi, mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi na mama yangu mzazi kutoka Mpwapwa. Mama hajawahi kuiona bahari. Ana presha na anatumia dawa kila siku, ila miguu yake bado ina nguvu. Safari hii ni yake kuliko yetu sote, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Nafasi nilizonazo ni tatu. Pasaka ikiangukia Aprili, nasikia bei za hoteli zinashuka sana. Mwishoni mwa Juni kuingia Julai, Bunge la bajeti likishakwisha, ndipo ofisini kwetu watu wanapata likizo. Au Desemba watoto wakiwa wamefunga shule.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mmoja anasema Julai ni upepo na baridi tupu. Mwingine anasema Desemba tutanyeshewa wiki nzima. Mke wangu amefungua utabiri kwenye simu, anaona wingu na radi kila siku, sasa ameingiwa na hofu. Sisi huku mwaka tunaujua: mvua zinaingia mwishoni mwa mwaka, Aprili zinaaga, kinachobaki ni jua na vumbi. Huko pwani mwaka unakwendaje? Nitegemee nini kwa mvua, joto na bahari yenyewe?

Nawasilisha.

ZabibuTamu

Mkuu, mimi ni mtu wa Dodoma ninayeshuka pwani mara nyingi kikazi, kwa hiyo nikwambie kitu ambacho mtu wa pwani hatakwambia kwa sababu yeye hakioni. Usiangalie nyuzijoto peke yake. Dodoma mwezi wa kumi na moja tunafika nyuzi 31, na Unguja Januari wanafika 32 au 33. Ukisoma kwenye karatasi utasema ni yale yale. Si yale yale hata kidogo.

Sisi tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, ukiingia kivulini unapoa, na usiku ukifika unajifunika. Kule hewa imejaa maji. Jasho linatoka na kubaki mwilini, kivulini unaendelea kutoka jasho, usiku nyuzi 25 na shuka hulitaki. Ndilo wanaloliita fukuto. Mtu mzima mwenye presha aliyezoea baridi ya Mpwapwa, ukimpeleka Februari au Machi atachoka kabla hajafika ufukweni.

Julai ni habari nyingine kabisa. Mchana 28 au 29, usiku 21 au 22. Kwa watu wa pwani hicho ni kipupwe, utawakuta na masweta asubuhi. Kwa sisi ambao Julai usiku tunashuka mpaka 13 au 14, ile ni hali ya hewa ya kupumzika. Huyo aliyekwambia Julai ni baridi tupu, muulize kazaliwa wapi.

MpangoKazi

Mimi nasema nenda Aprili. Chumba unapata kwa bei ya chini sana, hakuna foleni mahali popote, na mvua hainyeshi saa ishirini na nne. Inapiga, inaacha, jua linatoka.

BintiMakunduchi

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa kusini Unguja na ndipo ninapoishi, nitajibu kwa utaratibu maana naona mambo yanachanganywa.

Huku hatuuhesabu mwaka kwa mvua peke yake, tunauhesabu kwa pepo. Kaskazi inaanza kuvuma kwenye Desemba mpaka Machi hivi, inatoka kaskazini mashariki, nayo ndiyo inayoleta joto. Januari na Februari ni kavu, bahari ina rangi unayoiona kwenye picha, lakini fukuto ni kama alivyolieleza ndugu ZabibuTamu. Halafu upepo unalegea, unageuka, na hapo ndipo masika: Machi mpaka Mei, Aprili ikiwa ndiyo kiini chake. Kusi inashika kuanzia Aprili na Mei, inapata nguvu Juni na Julai, inavuma kutoka kusini mashariki mpaka Septemba. Kuanzia mwishoni mwa Agosti inapungua makali, tunaita demani, nayo ni kipindi kizuri sana ambacho wageni wengi hawakijui. Baada ya hapo vuli, Oktoba hadi Desemba, Novemba ndiyo yenye mvua nyingi.

Kwa nini nyinyi mna msimu mmoja na sisi miwili? Ukanda wa mvua unalifuata jua. Unapita juu yetu ukishuka kusini mwishoni mwa mwaka, unapita tena ukirudi kaskazini. Huko kwenu mapito hayo mawili yanaungana yakawa msimu mmoja.

Sasa ndugu MpangoKazi, kwa kijana anayesafiri peke yake na begi mgongoni ningekubaliana na wewe. Kwa huyu sikubaliani. Aprili peke yake kwa kawaida Unguja inapata zaidi ya milimita 300. Dodoma mwaka mzima ni kati ya 500 na 600. Aprili na Mei pamoja zinakaribia au kuipita mvua yenu ya mwaka mzima. Zipo siku inanyesha na kuacha, na zipo siku inashika alfajiri mpaka magharibi. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga miezi hiyo kwa matengenezo, na hiyo bei ya chini ina sababu yake. Mama wa watu atoke Mpwapwa aje kukaa barazani akitazama mvua?

Na hiyo simu ya mkeo isikutishe. Programu zile zikiona uwezekano wa mvua ya nusu saa alfajiri, zinaweka picha ya radi kwa siku nzima. Hata Julai tunapata manyunyu ya mchoo, yanapita na mchanga unakauka kabla hujamaliza chai.

Desemba: mwanzoni vuli bado ipo, kuelekea Krismasi inapungua. Lakini bei ndipo zinapopanda kuliko wakati wowote, na joto limeshaanza.

MpangoKazi

Dada nimekuelewa, kwa mama mzee narudisha nyuma kauli yangu. Kwa vijana Aprili inabaki palepale.

KijanaWaMtwara

Niongezee hapo kwenye masika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar na Zanzibar zilisimama. Vimbunga kwetu ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, vingi vinaelekea Msumbiji na Madagaska. Lakini nadra si kamwe: wazee wa Lindi wanakisimulia cha 1952, na Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Likizo ya Juni haina hofu hiyo.

MwanaMakulu

Asanteni sana, hasa dada yangu wa Makunduchi. Naona Julai inashinda. Sasa nina maswali mawili. Kwanza boti: kama kusi ndiyo ina nguvu Juni na Julai, mama atavukaje? Pili, tulikuwa tumependa nyumba moja ya wageni Paje, lakini rafiki yangu kanitumia picha alizopiga pale, bahari haipo! Ni mchanga na madimbwi mpaka mbali huko. Maji yalikwenda wapi?

NahodhaMstaafu

Mwanangu, bahari ilikuwepo, ilikuwa imepwa.

Nianze na boti. Kusi ikiwa kali mkondo wa Zanzibar unachafuka, hilo ni kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo unapotazamiwa kufika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, na tahadhari hiyo inawahusu zaidi wenye ngalawa na mashua. Boti kubwa za abiria zinavuka, ila zinacheza. Chukua boti ya kwanza asubuhi, kwa kawaida upepo huwa haujashika kasi yake. Mkalishe mama ghorofa ya chini, katikati au kuelekea nyuma, asikae mbele kabisa ambako chombo kinapanda na kushuka. Ale kidogo kabla, asisafiri na njaa wala na shibe. Atazame nje mbali, asiinamie simu. Safari yenyewe ni saa mbili hivi. Na msiunganishe treni na boti siku moja mkamchosha. Laleni Dar usiku mmoja.

Pili, maji. Huku bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inaweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, ufuo ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo siku za bamvua maji yanakimbia mamia ya mita. Nungwi na Kendwa kaskazini kina kiko karibu, hata yakipwa unaoga.

Sasa shika hili, litakusaidia kupanga tarehe. Unguja siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi yamejaa. Kwa hiyo ukitazama mwezi angani huko Dodoma, unajua Paje kutakuwaje.

BintiMakunduchi

Ahsante baba, umenena. Mimi niongeze kwamba maji yakipwa si hasara. Ndiyo saa kina mama wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani, na watoto watatembea kwenye madimbwi wakaona viti vya pweza na samaki wadogo. Wavalishe viatu vya mpira, kuna wale wanyama wa baharini wenye miiba mieusi mirefu, ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha. Na mgeni asiende mbali bila mwenyeji, maji yakianza kurudi yanajaza kwanza mifereji nyuma yake.

Kuhusu upande: Julai kusi inapiga moja kwa moja mashariki. Paje itakuwa na upepo, ndiyo maana wanaoteleza na miavuli baharini wanaifuata miezi hiyo. Mchanga unaruka, bahari ina mawimbi nje ya mwamba. Kwa mama na watoto ningependa Kendwa au pande za magharibi, kisiwa chenyewe kinakukinga. Ungekuja Januari ningekwambia maneno mengine, maana kaskazi inapiga Matemwe na Kiwengwa, na Paje inavuma tena.

MuuguziMstahimilivu

Kwa upande wa mama. Kabla ya safari mpitishe kliniki apimwe, muulizeni daktari kuhusu dawa zake. Baadhi ya dawa za presha zinamfanya mtu apate haja ndogo mara nyingi, na mtu huyo akiwa kwenye joto anapungukiwa maji haraka. Asiache dawa na asipunguze mwenyewe. Abebe za siku zaidi ya zilizopangwa, kwenye mkoba wa mkononi.

Jua la Julai linadanganya. Upepo wa kusi unampoza mtu, hahisi kuungua, jioni mabega ya watoto yanawaka. Kati ya saa nne na saa kumi wakae kivulini au wavae fulana wakiwa majini. Maji ya kunywa muda wote, hata asiyesikia kiu. Bahari yenyewe haitawapiga ganzi: Agosti inapokuwa baridi kuliko miezi mingine bado ni nyuzi 25 hivi.

Na chandarua, hata kama mvua hakuna.

ZabibuTamu

Mkuu, na pakia nguo nyepesi za pamba. Zile jaketi za Julai za kwetu ziache Dodoma, isipokuwa moja ya kwenye boti. Nguo ukifua kule hazikauki upesi kama huku, beba za kubadilisha. Mama achukue kanga za kujitanda jioni, upepo ukivuma baada ya magharibi anaweza kusikia ubaridi.

MwanaMakulu

Wakuu, nimeusoma uzi huu na mke wangu mara mbili. Tumeamua hivi: wiki ya kwanza ya Julai, upande wa Kendwa, treni mpaka Dar tulale, boti ya asubuhi. Kwa hesabu ya Nahodha nitaangalia kalenda ya mwezi kabla sijalipia chumba, nitafute siku za maji mafu ili watoto waoge asubuhi. Paje tutakwenda siku moja tu, mama akawaone wanawake wa mwani, maana yeye ni mkulima na najua atawauliza maswali mengi.

Swali la mwisho, Nahodha. Siku ngapi kabla ndipo utabiri unaaminika?

NahodhaMstaafu

Siku tatu, mwanangu, hasa kwa upepo na mawimbi. Zaidi ya hapo fuata msimu. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari, wanataja ukanda wa pwani na visiwa vya Unguja na Pemba kando na mikoa mingine. Wakitoa tahadhari ya mawimbi, badilisha tiketi mvuke kesho yake. Msalimie mama.