Kujaza maganda ya risasi mwenyewe na kuweka akiba ya dharura, kwa sisi wa Dodoma imekaaje?

Mfugaji wa Mvumi:

Mbukwenyi wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisaidie hili jambo maana limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mfugaji na mkulima mdogo upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nina shotgani namba 12 naimiliki kihalali, ilikua ya marehemu baba, alivyofariki tukaipeleka polisi ikakaa huko mpaka nikapata leseni ya jina langu ndo nikaichukua. Kazi yake ni fisi tu. Msimu uliopita wamenimalizia mbuzi wanne ndani ya mwezi mmoja, usiku ule wa mwisho nimetoka nje na silaha risasi zilizobaki ndani ya nyumba zilikua mbili, nikapiga moja juu wakatawanyika, ile nyingine nikabaki nayo mkononi mpaka alfajiri nimekaa mlangoni pa zizi, kila nikisikia jani linachakacha najua wamerudi.

Sasa kijana wangu akanionyesha video za Wamarekani, mtu anaokota maganda aliyokwisha kupiga anayajaza upya nyumbani kwake kwa kimashine cha mezani, ukutani ana mashelfu yamejaa maboksi juu mpaka chini anasema hiyo ni akiba ya siku mambo yakiharibika. Nikaona mbona hii ndo dawa yangu, maganda ninayo kama 30 hivi kwenye kopo la mafuta ya kupikia, baba alikua hatupi. Risasi za dukani bei inapanda kila nikienda na ni safari ya mjini siku nzima na makaratasi juu. Alafu ukiangalia mvua za miaka hii zinavyotuchezea, njaa ikiingia wizi wa mifugo nao unaongezeka, nataka niwe na kitu ndani.

Je kwa hapa kwetu inawezekana? Sheria inasemaje? Na kama sio hilo basi akiba ya dharura ya mtu wa Ugogo iweje? Nijibuni ukweli jamani nina familia ya watu saba. Nawasilisha.

Askari Pori Mstaafu:

Pole sana mkuu kwa mbuzi. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi upande wa Kondoa mpaka nimestaafu kwaiyo naongea nilichokiona kwa macho.

Kwanza sheria. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ile ndo inatuongoza wote tunaomiliki. Leseni yako ni ya kumiliki na kutumia, sio ya kutengeneza. Ukichukua ganda tupu ukaweka fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti ukatoka na risasi nzima hapo umetengeneza risasi, hata ukiita kujaza upya. Na baruti nayo ina sheria yake, haiuzwi kama sukari. Risasi zinazotengenezwa nchini kihalali ni kazi ya Shirika la Mzinga pale Morogoro, hilo ni shirika la jeshi. Wakija kukagua nyumba wakakuta kopo la baruti na kimashine mezani, hiyo bunduki ya marehemu mzee uliyohangaika kuirithi inaondoka na wewe unaondoka nayo. Idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo kaulize polisi wilayani kwako, watakuambia bila shida yoyote, hata ukitaka kuongeza kidogo omba kwa maandishi ueleze habari ya fisi.

Pili ndo hili linaloniuma. Kuna mzee mmoja tulimfuata kijijini baada ya ajali, alikua na gobore anajaza mwenyewe, baruti ya kienyeji na vipande vya nondo. Siku hiyo alijaza, akaitwa kwenye kikao cha ukoo, karudi jioni kasahau kwamba ameshajaza akajaza tena juu yake. Alivyofyatua mtutu ukachanika kama muwa uliopigwa panga. Tulimkuta amekaa chini ya mbuyu mkono umefungwa kwa kitenge, ameishiwa rangi, anaulizia nguruwe pori kama amekufa. Aliishi, ila vidole vitatu vilibaki shambani, mjukuu wake wa miaka kumi ndo aliviokota akavileta kwenye sahani. Ile sahani ya bati yenye maua mekundu siwezi kuisahau.

Na akiba nyingi ndani ya nyumba mkuu, hebu kumbuka milipuko ya Dar es Salaam, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 alafu Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Yale yalikua maghala ya jeshi yenye wataalamu na walinzi na bado yalilipuka watu wakafa na nyumba zikabomoka. Ni mabomu makubwa najua, hayafanani na risasi za shotgani, ila ukae ujue kitu cha baruti hakikai tu kimya kwa sababu wewe umekiweka kimya.

Mgogo wa Texas:

Salamu kutoka mbali wakuu, mimi ni wa Mpwapwa ila nipo Marekani mwaka wa kumi na moja, na huku nawinda na najaza risasi zangu mwenyewe, kwa hiyo niongeze nyama kidogo kwenye video ulizoziona kaka.

Huku ni halali na watu wanafanya kweli, wengine toka babu zao. Risasi ina vitu vinne, ganda, fataki ya kitakoni, baruti, na kile kichwa kinachotoka (kwa shotgani ni gololi pamoja na kizibo chake). Ukishapiga, kinachobaki kinachofaa ni ganda peke yake. Vile vitatu lazima ununue! Hapo ndo video hazikwambii vizuri. Mwaka 2020 na 2021 huku fataki zilipotea madukani, mtu ana maganda maelfu na mashine ya bei mbaya anazunguka mji mzima hapati fataki hata boksi moja, na akipata bei imeruka mara kadhaa. Sasa hiyo ni Marekani, kwenye viwanda. Wewe upo Mvumi utazitoa wapi kihalali? Akiba inayotegemea kitu ambacho hukiwezi kukitengeneza wala kukinunua hiyo sio akiba kaka, ni maganda kwenye kopo.

Alafu hii kazi inataka utulivu sana. Baruti tunaipima kwa punje, ndo jina la kipimo chenyewe kimetokana na punje ya nafaka, ratili moja ina punje 7000, yaani punje moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Na kila bunduki na kila aina ya baruti ina kiwango chake kimeandikwa kitabuni, ukizidisha kidogo tu unapasua mtutu. Ukipunguza sana nako ni balaa, kichwa kinakwama katikati ya mtutu, wewe umesikia mlio mdogo umedhani imegoma, unapiga ya pili nyuma yake, kwisha. Mimi nikiwa mezani simu naiacha chumba kingine, watoto hawaingii, na mtu akinisemesha katikati namwaga lote naanza upya.

Kwenye kutunza, maadui ni joto na unyevu. Baruti ya kisasa haikai milele, ikianza kuoza inatoa harufu kali ya tindikali na vumbi jekundu jekundu, hiyo sio ya kutumia wala kukaa nayo. Nyumba zetu za bati bila dari mwezi wa kumi unajua mwenyewe kunakuwaje ndani. Na watu wanakosea wanaifungia kwenye sanduku la chuma lisilopumua wakidhani ndo usalama, kumbe moto ukishika lile sanduku linageuka bomu, ndo maana huku tunashauriwa kabati la mbao.

Yale maganda 30 ya mzee usiyachezee. Kama kuna risasi nzima za zamani humo usijaribu kuzipiga wala kuzipasua, zipeleke polisi.

Mama Kibaigwa:

Mwanangu Mfugaji nimesoma yote nikaona swali lako la mwisho hao kaka zako wamelipita na ndilo lenye uhai wa nyumba yako.

Mimi nafanya biashara ya mahindi soko la Kibaigwa hapa Kongwa tangu nikiwa msichana. Bibi yangu mzaa baba alikua akitusimulia Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 mpaka 1920 hivi, yeye aliipata kwa mama yake. Wajerumani walipita wakachukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, wakaja Waingereza nao wakachukua, alafu mvua ikagoma. Watu walikua na mikuki na mishale ndani, hawakukosa silaha, walikosa uwele. Bibi alikua anatuonyesha kwa mkono, anakunja kiganja hivi, anasema mama yake alipewa uwele unaojaa hapo kwa kubadilishana na shanga zote za harusi yake. Kwaiyo ukiniuliza mimi dharura ya Dodoma ina sura gani nakujibu ina sura ya kilindo cha nafaka kitupu mwezi wa pili.

Sasa fanya hesabu. Kwetu tunahesabu debe moja la nafaka kwa mtu mzima kwa mwezi. Ninyi saba, miezi minne ya shida kuanzia Novemba mpaka Februari ni debe 28, hiyo ni karibu gunia tano kwa debe sita sita. Hizo gunia tano ziwe za kutoguswa, sio za kuuza ada ya shule ikibana. Usiweke mahindi matupu, changanya na mtama na uwele, uwele punje yake ndogo wadudu hawausumbui kama mahindi na unakaa sana. Mahindi yana dumuzi, yule mdudu wengine wanamwita skania, akiingia gunia linabaki unga mwezi wa tatu tu.

Nunua mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Unajaza, unakamua hewa yote kwa mikono, unasokota mdomo wa nailoni ya kwanza unafunga, ya pili unafunga, na kiroba unafunga. Mdudu anakosa hewa anakufa humo humo bila dawa yoyote. Iweke juu ya chaga isiguse ukuta, na panya umuangalie kama unavyomuangalia fisi, tobo moja tu hewa imeingia kazi imeharibika.

Ila kabla ya kufunga yakauke!! Nalisema hili kwa nguvu maana mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, walikula mahindi yao wenyewe waliyolima kwa jasho, sio ya kununua. Niliuza mahindi mwaka ule huku naogopa kila gunia linalofunguliwa, nilikua natumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta joto, ukisikia katikati kuna uvuguvugu ujue yanaoza. Kupima chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa sana, uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo rudisha mahindi juani. Na yaanike juu ya turubai, usianike kwenye udongo.

Askari Pori Mstaafu:

Mama umenena, na mimi nakiri nilikimbilia sheria nikaacha njaa.

Mkuu kuhusu fisi nikuachie na hili. Tuliona wafugaji wa Simanjiro wanazungushia zizi wavu wa chuma ule wa matundu matundu alafu nguzo zake ni miti hai iliyopandwa, haiozi wala mchwa hawali, kila mwaka inanenepa, fisi anazunguka mpaka asubuhi anaondoka. Miiba yetu ya kawaida anaivuta kwa meno anapata njia. Kama wavu ni ghali anza na zizi la mbuzi na ndama peke yake, na ule mlango ndo uwe imara kuliko vyote maana fisi anaanzia mlangoni. Akikuulia mbuzi toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo kabla mabaki hayajatupwa, ipo kifuta jasho kisheria, sio kubwa na inachelewa ila ipo, na bila taarifa hupati hata shilingi.

Mfugaji wa Mvumi:

Wakuu nimesoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti. Ile sahani ya maua mekundu, tunayo ya hivyo hivyo jikoni, mwanangu wa mwisho ana miaka tisa.

Jana nimemwaga lile kopo la baba kwenye mkeka, yalikua maganda 34, na chini kabisa kulikua na risasi tatu nzima zimeota kutu ya kijani kitakoni. Sikujua kama zipo, watoto wote walikua wanachezea kopo hilo. Nimezifunga peke yake na Jumatatu nazipeleka polisi pamoja na maombi ya kununua boksi moja, nimeyaandika kama mlivyosema na nimetaja tarehe za mbuzi wote wanne.

Wavu nimeuliza bei pale Sabasaba, zizi la mbuzi naliweza baada ya kuuza beberu wawili. Nafaka ndani nina gunia mbili za mahindi na debe nne za uwele. Nimefanya lile jaribio la chupa leo mchana, chumvi imenata. Mama, yapo kwenye viroba toka mwezi wa sita na kuna harufu kidogo kwenye gunia moja, nayaanika nitumie au?

Mama Kibaigwa:

Hilo lenye harufu usiwape watu na usiwape kuku wala mbuzi, na usisage ukidhani kupika kunatoa sumu, sumukuvu haifi kwa moto wa jikoni. Lifukie. Najua gunia linauma mwanangu.

Lile lingine mwaga lote kwenye turubai kesho asubuhi, kaeni nyumba nzima mchambue kwa mkono, punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au kuvunjika weka pembeni ukafukie na yale. Zilizobaki siku tatu juani unageuza geuza, jioni unafunika, alafu rudia chupa. Ukikuta ukungu umeenea humo nalo sio la kula. Chupa ikikubali ndo ufunge. Uwele ujazie sasa hivi kabla mvua hazijaanza maana bei ya sasa hutaiona tena Januari.