Ulinganisho: trei wazi, tangi la kioo au kisanduku kilichofunikwa kwa mtoto wa kobe?

PwaniUghaibuni: Wakuu, mtoto wa kobe chui (Stigmochelys pardalis), sentimita 6, anafugwa ndani Birmingham. Nyumba ina 20°C na hita zinakausha hewa. Kipi kinamfaa miaka miwili ya mwanzo?

FundiPlaiwudi: Kilichofunikwa, bila kusita. Trei wazi husafishika haraka, lakini taa ikiwaka joto linapanda na unyevu unaondoka nalo. Huyo anahitaji unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Ukavu wa umri huu ndio unaofanya gamba liote vilima, na vikishaota havirudi. Plaiwudi ya milimita 12, urefu sm 120, upana 60, kimo 60. Viungo ziba kwa silikoni ya akwariamu, ndani paka vanishi ya maji mara tatu, kisha acha harufu iishe kabisa kabla hajaingia. Toboa matundu madogo ya hewa, chini upande wa baridi na juu upande wa joto.

GambaGumu: Naunga mkono. Tangi linatunza unyevu, ila kobe haoni kwamba pale pana ukuta, atasukuma kona kutwa. Kama unalo tayari, bandika karatasi nje hadi kimo cha sm 15. Tyubu ya UVB (taa ya miale ya urujuanimno kama ya jua) iwe ndani, maana kioo kinazuia miale hiyo. Chagua T5 (tyubu nyembamba) ya UVB asilimia 12, sm 40 kutoka mgongoni, saa 12 kwa siku. Ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka. Chini ya taa ya joto 35°C, upande wa pili 26. Usiku bulbu ya kauri (inatoa joto bila mwanga) yenye thamostati, yaani kidhibiti joto, 24.

PwaniUghaibuni: Unyevu wote huo hautamletea mafua? Na chini niweke mchanga?

FundiPlaiwudi: Mafua huletwa na unyevu ukikutana na baridi, ndiyo maana thamostati si anasa. Mchanga hapana, ataumeza na majani uzibe utumbo. Changanya udongo usio na mbolea na usumba, nusu kwa nusu, kina sm 8. Usinyunyize juu, mimina maji konani ili chini palowe na juu pakauke. Juu pakibaki chepechepe, gamba la tumboni linaoza.

Mkwajuni: Walio Mombasa au Tanga wasifunike: hewa ina unyevu wake na usiku ni joto. Trei wazi yatosha, na jua la asubuhi linashinda tyubu yoyote, mradi pawe na kivuli. Lakini kibali cha wanyamapori kwanza, jamani. Msiwaokote porini.

GambaGumu: Na popote alipo, mloweke kila siku dakika 15, maji vuguvugu yasiyofika kidevuni.